Shuka kwenye gari: majibu kwa wanaotaka kwenda Badlands

Mwezi uliopita niliandika mistari miwili mitatu tu kwamba mimi, mke wangu na watoto tulitoka Des Moines, Iowa, na gari letu kwenda South Dakota, kuona hifadhi ya taifa ya Badlands na nyanda zake za majani, siku nne kwenda na kurudi. Nilidhani yamekwisha. Maswali yakamiminika mpaka mke wangu akaniuliza nimefungua ofisi ya utalii lini. Mimi ni dereva wa lori. Barabara kuu ya I-90 inayokwenda huko naijua mchana na usiku, theluji na jua, kwa hiyo nitajibu yale niliyoyapitia.

Shikamoo kaka. Mimi nimezaliwa Mugumu, Serengeti iko mlangoni kwetu. Kwa nini nichome mafuta siku nzima kwenda kuangalia majani? — Msomaji wa Omaha

Marahaba mdogo wangu. Swali hilo nilikuwa nalo mimi mwenyewe kwa miaka. Nilipita kule na mzigo, majani kulia, majani kushoto, nikaona ni njia tu ya kufikia mji mwingine. Kisha siku moja saa zangu zikaisha (huku dereva wa lori akishaendesha saa 11 sheria inamtaka apumzike 10), nikaegesha mahali pasipo na chochote, nikashuka kunyoosha miguu. Nikaingia kwenye majani hatua kama mia mbili. Nikakaa huko mpaka giza.

Nadhani neno letu "mbuga" ndilo linalotuponza. Wazee walipolitaja walimaanisha uwanda wa majani, basi. Sisi tukisikia mbuga tunamtafuta simba. Sasa ukienda preri, yaani nyanda za majani za huku Amerika, ukitafuta simba utarudi Omaha umenuna. Serengeti unakaa ndani ya gari, na ukishuka ovyo askari atakushughulikia kabla simba hajakushughulikia. Preri ni kinyume chake: ukikaa ndani ya gari hutaona kitu, maana mambo yake mengi yako chini ya goti. Maua, ndege wanaotaga chini, na wale wanyama wadogo wanaoitwa "mbwa wa preri" ingawa ni jamaa wa kindi, wanaosimama mlangoni mwa mashimo yao na kupiga kelele kama majirani walioona mgeni.

Mengine yako chini ya ardhi kabisa. Kuna jani linaloitwa big bluestem, upande wa mashariki wenye mvua nyingi linampita mtu mzima kimo, na mizizi yake inashuka mita tatu. Mizizi ya namna hiyo, ikiota na kuoza kwa maelfu ya miaka, ndiyo iliyotengeneza udongo mweusi wa Iowa. Na udongo huo ndio uliokuja kuyaua majani yenyewe. Mwaka 1837 fundi chuma mmoja wa Illinois, John Deere, alitengeneza plau ya chuma iliyokuwa haigandwi na udongo, na baada ya hapo ni mahindi tu. Leo Iowa imebakiwa na chini ya asilimia 0.1 ya preri yake ya asili. Kwa hiyo unapoendesha kwenda magharibi hufuati majani kwa sababu hakuna kingine cha kuona. Unafuata kilichosalia.

Halafu pale Badlands majani yanakatika ghafla chini ya miguu yako, na ardhi imebomoka kuwa minara na makorongo yenye mistari ya rangi, nyekundu, njano, kijivu. Mvua inaila kwa kadiri ya inchi moja kwa mwaka. Tena hifadhi hii inakuruhusu kutembea popote, si kwenye njia zilizochorwa tu. Mtu wa Mugumu ataelewa hiyo ni ruhusa ya namna gani.

Nina Sienna ya 2009 na watoto wanne. Barabara ikoje, na kwa siku moja tutafika? — Mama wa watoto wanne, Des Moines

Dada, barabara ni lami safi na Sienna inatosha. Des Moines mpaka Sioux Falls ni karibu maili 300. Ukiingia South Dakota kwa I-90, jifunze hesabu ya madereva: njia za kutokea zimepewa namba kwa maili kutoka mpaka wa Wyoming. Sioux Falls iko kwenye 396, na lango la mashariki la Badlands ni njia ya kutokea namba 131. Toa. Umebakiza maili 265, huhitaji simu kukwambia. Watoto wangu walizihesabu zile namba njia nzima, na nusu ya "tumefika?" ikapungua.

Mwendo unaoruhusiwa ni maili 80 kwa saa, lakini kuruhusiwa si kulazimishwa, hasa kwa gari la mwaka 2009 lenye mizigo juu. Upepo wa kule unasukuma. Jaza mafuta ukifika nusu tangi, usingoje taa iwake.

Simama Chamberlain, pale unapovuka mto Missouri. Kwenye kituo cha mapumziko kuna sanamu ya mwanamke wa Kilakota aliyejitanda shuka lenye nyota, urefu futi 50, iliyosimamishwa mwaka 2016. Vyoo ni safi, na mto unauona wote ukiwa juu.

Na saa! Katikati ya jimbo unavuka mpaka wa majira, unarudisha saa nyuma kwa saa moja. Mke wangu aliweka chakula cha jioni kwa saa ya Iowa, tukala jua likiwa bado kali.

Kwa siku moja mtafika, ila mtafika mmechoka na mmegombana. Laleni Sioux Falls au Mitchell.

Mama yangu anakuja kutoka Moshi mwezi wa saba. Nimesikia wageni sasa wanatozwa zaidi. Ni kweli? — Kijana wa Minneapolis

Ni kweli nusu. Kuanzia Januari 2026 pasi ya mwaka ya hifadhi za taifa ni dola 80 kwa mkazi na 250 kwa asiye mkazi, na hifadhi 11 zenye msongamano mkubwa, kama Yellowstone na Grand Canyon, zinamtoza mgeni wa nje dola 100 za ziada. Badlands haimo kwenye hizo 11. Unalipa dola 30 kwa gari zima, siku saba, mama akiwa ndani yake. Wind Cave, hifadhi nyingine saa chache kutoka hapo, hawatozi kiingilio. Unalipia tu kushuka pangoni na mwongozaji. Mount Rushmore, penye sura za marais zilizochongwa mlimani, nako hakuna kiingilio, ila wanatoza maegesho, na pasi yako haisaidii kitu pale.

Ukiwa na mtoto wa darasa la nne, simamisha kila kitu. Watoto wa darasa hilo wana pasi ya bure inayoingiza gari zima la familia, kuanzia Septemba mpaka Agosti. Anajisajili mtandaoni, unachapisha karatasi, basi. Sisi tulijua mtoto akiwa darasa la tano.

Tunaweza kuchoma nyama? — Wengi, kutoka kila mahali

Nilijua litakuja. Badlands moto wa kuni hauruhusiwi kabisa, hata kambini, kwa sababu majani makavu na upepo ule havina mzaha. Jiko la gesi au la mkaa linaruhusiwa kwenye maeneo ya kambi na ya kulia chakula. Kwa hiyo beba jiko lako dogo, mkaa wako, na mbuzi wako umkate nyumbani kabisa, usitegemee kumpata njiani. Majivu yazime kwa maji mpaka uweze kuyagusa kwa mkono. Kachumbari tengeneza palepale.

Baisani ndiyo nyati? Mwanangu anataka kupiga naye picha. — Baba wa Kansas City

Hapana, na hapana.

Kwa ukoo, baisani, yule mnyama mkubwa wa nyanda za huku, yuko karibu zaidi na ng'ombe kuliko na nyati wetu. Kwa tabia, mhesabu kama nyati. Dume anafika kilo 900 na anakimbia maili 35 kwa saa. Wewe na mwanao hamfiki huko hata mkifukuzwa. Anaonekana amelala, mpole, anacheua. Ukiona mkia umesimama, umechelewa. Julai na Agosti ni msimu wa kupandana, madume hayana subira hata na upepo. Mimi naweka mita 100 kati yetu, na picha napiga kutoka garini. Hapa ndipo pekee ninapokwambia usishuke.

Mwambie mwanao na hadithi yake, maana ni hadithi. Walikuwa mamilioni kwa mamilioni. Mwishoni mwa miaka ya 1880 walikuwa wamebaki kama elfu moja tu, wamepigwa risasi kwa ngozi, kwa mchezo, na kwa kuwanyima chakula wenyeji walioishi kwa kuwategemea. Mwaka 1913 baisani 14 walipakiwa kwenye treni kutoka New York, kwenye bustani ya wanyama, wakaletwa Wind Cave. Wanyama wa nyika waliorudishwa nyumbani kutoka mjini.

Jambo kaka. Bibi anaogopa nyoka, anasema hatatoka gari. — Baba wa Sioux Falls

Jambo sana. Nyoka wako, wale wenye njuga mkiani. Viatu vilivyofunika kifundo, usiweke mkono mahali usipopaona, na ukisikia njuga rudi ulikotoka taratibu. Kupe ni wasumbufu zaidi kuliko nyoka, kagueni watoto jioni. Bibi mpe kiti pale penye njia ya mbao, aone kila kitu bila kukanyaga majani.

Kanisa letu lina gari la watu 15. Tunataka kupita milima yote, Custer na Needles. — Mwenyekiti wa vijana, Lincoln

Mwenyekiti, Custer, ile hifadhi ya jimbo kwenye milima ya Black Hills, nendeni. Barabara yake ya wanyama ni mzunguko wa maili 18, baisani wanavuka mbele yenu, na kuna punda wanaoingiza vichwa dirishani kuomba chakula.

Ila barabara ya Needles ina handaki lililotobolewa kwenye mwamba, upana wake futi 8 hivi. Hesabu na vioo vya pembeni vya gari lenu. Nimewahi kumwona dereva wa gari kubwa akirudi kinyumenyume pale, magari thelathini nyuma yake, na mkewe nje akielekeza kwa mikono yote miwili. Waacheni wenye magari madogo wapite, ninyi zungukeni.

Nimesoma kuwa upande wa kusini wa Badlands ni wa Wahindi Wekundu. Tunaruhusiwa kuingia? — Mwanafunzi wa Ames

Waite Walakota, ndilo jina lao wenyewe. Hata "Badlands" ni tafsiri ya maneno yao, mako sica, ardhi mbaya. Upande wa kusini uko ndani ya Pine Ridge, eneo walilotengewa Walakota, na ardhi ni ya Waoglala Lakota. Kuingia mnaweza, lakini hakuna barabara za maana, na kwanza ulizeni kwenye kituo cha wageni. Mwaka 1942 jeshi lilitwaa eneo hilo kuwa uwanja wa kufanyia mazoezi ya mabomu, familia zikaambiwa zihame. Mpaka leo ukiona chuma usichokijua, usikiguse.

Upande wa pili kuna Black Hills. Mkataba wa 1868 ulisema ni yao. Dhahabu ikaonekana, wakanyang'anywa. Mwaka 1980 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakubali kuwa walidhulumiwa, ikaamuru walipwe. Wakazikataa pesa, wanataka milima. Nilipolisoma hilo nilikumbuka Wamasai waliotolewa Serengeti mwaka 1959. Mgeni hatakiwi kutembea kwa kuinamisha kichwa, lakini ajue anakanyaga kwa nani.

Mimi ni muuguzi, nina Jumamosi moja tu, na niko Wichita. Hiyo South Dakota yenu sitafika. — Dada wa Wichita

Wewe ndiye mwenye bahati kuliko wote hao. Saa moja na nusu hivi kutoka kwako, karibu na Strong City, kuna hifadhi inayoitwa Tallgrass Prairie, ilianzishwa mwaka 1996. Hakuna kiingilio. Hapo ni Flint Hills, vilima vya gumegume. Chini ya majani ni mawe ya chokaa na gumegume, plau ilikuja ikavunjika meno, wakulima wakaacha na kufuga ng'ombe. Ndiyo maana majani yamebaki. Kati ya preri yote ya majani marefu iliyokuwepo Amerika Kaskazini imesalia chini ya asilimia 4, na sehemu kubwa yake ni hivyo vilima unavyoviona.

Ukienda mwezi wa nne unaweza kukuta vimechomwa, vyeusi tii, moshi bado unanuka. Usisikitike. Wanachoma kila masika kwa makusudi, kama wafugaji wetu wanavyochoma nyika ili majani mabichi yaote, na wiki mbili baadaye kijani chake kinauma macho. Mwezi wa tisa ndipo majani yanapokupita kimo.

Wale baisani wa Wind Cave nao wako hapo. Kundi lililetwa mwaka 2009, na njia ya kutembea inapita ndani ya malisho yao. Beba maji mengi, kivuli hakuna. Utakutana na lango la uzio mara mbili tatu. Ukishapita, lifunge nyuma yako.