Umeshajua SUM na AVERAGE, sasa uende wapi? Jibu la karani wa mwani

Waalaykum salaam mdogo wangu. Umesema umeajiriwa Wete, hapa Pemba, kwenye Excel SUM ya kujumlisha na AVERAGE ya wastani unazijua, bosi anataka ripoti kila mwezi, na unafikiria kuvuka kwenda Unguja ukalipie kozi ya Excel. Nauli hiyo iweke kwanza.

Mimi nilikuwa karani wa ghala la kununulia mwani upande wa Micheweni, na nilianza na hizo hizo mbili zako. Fomula nyengine zilikuja baadaye. Kwanza ilinibidi nilivunje faili langu lote.

Nilikuwa na shiti moja kwa kila kijiji, tarehe zimekwenda kwa upana, vichwa vya habari nimeunganisha seli tatu tatu, na kila aliyekwisha kulipwa nimempaka kijani. Ukilitazama linapendeza kama mkeka wa harusi. Bosi akiuliza, "Spinosum mwezi huu kilo ngapi, na nani hajalipwa?" (spinosum ni aina ya mwani) nakaa nusu siku na kikokotoo, maana rangi hazijumlishiki. Nikaamua: polo likipimwa mara moja, mstari mmoja. Tarehe, nambari ya mkulima, kijiji, aina ya mwani, kilo, bei, amelipwa au bado. Vijiji vyote shiti moja, wala usiogope urefu. Excel inabeba mistari 1,048,576, na hiyo kwa mwani wetu hatuimalizi. Halafu nikabonyeza Ctrl+T pawe jedwali, ili mstari mpya ukiingia fomula ziufuate zenyewe. Hapo ndipo nilipoielewa pivoti (PivotTable), jedwali linalokujumlishia data kwa makundi. Unaburuta kijiji huku, aina kule, kilo katikati, basi. Miezi nimeikimbia nikidhani ni mambo ya wahasibu wakubwa, kumbe ilikuwa inasubiri data iliyokaa sawa.

Kilichonitesa zaidi ni majina. Unajua kwetu: Asha Khamis kijiji kimoja wanaweza kuwa wanne. Na mmoja wao leo nimemwandika Khamis, kesho Hamisi, keshokutwa Khamis na nafasi moja nyuma isiyoonekana. Kwa Excel hao ni watu watatu. Nafasi za ziada zinafutwa na TRIM, lakini Hamisi na Khamis hakuna fomula itakayokupatanishia, ni wewe na daftari la kijiji. Ndiyo maana nikampa kila mkulima nambari, na jina lake na nambari yake ya simu ya kulipwa nikawa naziita kwa VLOOKUP, fomula inayotafuta kitu kwenye orodha na kukuletea kilicho mstari huo huo.

VLOOKUP yenyewe ikanitia aibu. Sehemu yake ya nne, ile ya FALSE au 0, sikuwa naiandika. Ukiiacha wazi, Excel inatafuta jibu la karibu na inadhani orodha yako imepangwa kutoka ndogo kwenda kubwa. Yangu ilikuwa imepangwa, kwa hivyo muda wote ilinipa majibu sahihi. Wakaja wakulima wapya, nikawachomeka katikati bila mpango, na fomula ikaanza kuchukua nambari za simu za watu wengine bila ya kuonesha kosa lolote. Bi mkubwa mmoja akaja hadi mezani: "Mjukuu wangu, pesa yangu ya mwani umempa nani?" Sikuwa na jibu. Tulizirejesha, lakini tangu siku hiyo siandiki VLOOKUP bila ya 0 mwishoni, na kabla ya malipo nachukua mistari mitano naikagua kwa macho.

XLOOKUP ni nzuri zaidi, yenyewe inatafuta jibu kamili bila kuambiwa. Ila ipo kuanzia Excel 2021, na kwenye Microsoft 365. Kompyuta ya bosi ikiwa na 2016, fomula hiyo ikijaribu kupiga hesabu huko anaambulia #NAME?, na wewe ndiye utakayeonekana hujui kazi. Angalia kwanza mwenzako anatumia toleo gani.

Mawili ya haraka. Nambari za simu zifanye maandishi kabla ya kuziingiza, la sivyo sifuri ya mbele inaliwa. Na tarehe: kompyuta ikiwa na mpangilio wa Kimarekani, 03/04 inakuwa Machi 4 badala ya Aprili 3, na 13/04 inabaki maandishi tu. Ukiona baadhi ya tarehe zimelala kushoto na nyengine kulia, shituka: za kushoto ni maandishi.

Mambo haya nilijifunza siku za bamvua, wakulima wote wako baharini na ghalani kimya. Kila mara nilikuwa na swali moja la bosi, sikufungua somo la jumla hata siku moja. Nilipokuja kulipia kozi, nilikwenda na faili langu mwenyewe, nikamuuliza mwalimu yaliyonishinda.

Tupia hapa mistari kumi ya faili lako kama lilivyo, vichwa vya habari na vyote. Majina badilisha, nambari za simu futa kabisa.