Barua kwa mwanangu: hao watu wa apu hawawezi kukufunga

Neema mwanangu,

Nimesoma meseji yako ya jana usiku, ile unauliza kama ni kweli watu wa apu ya mikopo wanaweza kukuletea polisi kazini juu ya mkopo wa shilingi 6,500, na kama ukope kwingine uwalipe leo leo ili wanyamaze. Hawawezi. Na usikope kwingine, tafadhali mama, hilo hata usilifikirie, maana ukifungua apu ya pili kulipa ya kwanza, mwezi ujao utakuwa unapigiwa simu na watu wa pande mbili. Sasa tulia nikueleze, na hapa sikubembelezi, unajua nimefanya ukarani kortini miaka mingi na mafaili ya madeni ndiyo yalikuwa kazi yangu ya kila siku.

Deni ni kesi ya madai, si jinai. Ulikopa kwa jina lako na kitambulisho chako, hukudanganya mtu, umechelewa kulipa tu, na kwa hilo polisi hana cha kukushikia. Kuna jela ya madai ndio, sikufichi, lakini huko hufiki kwa meseji. Lazima kwanza wakushtaki, uitwe, usikizwe, hukumu itoke, ushindwe kuilipa, halafu uitwe tena mbele ya hakimu ueleze kwa nini usifungwe, na waonyeshe kwamba pesa unazo na unakataa tu kulipa au unaficha mali. Hata hapo anayekudai ndiye anatoa pesa za kukulisha huko ndani. Hebu niambie ni nani atajisumbua hivyo juu ya elfu sita.

Ile meseji yao uliyonitumia, ya kukutisha na DCI, yaani wapelelezi wa polisi, nimeiangalia vizuri. "TAARIFA YA MWISHO! Usipolipa kabla ya saa sita maafisa wetu pamoja na DCI watafika kazini kwako. Kesi yako iko kortini." Sasa itazame nayo ukiwa umetulia. Haina jina la kampuni, haina nambari ya mkopo, haisemi unadaiwa ngapi, haisemi korti gani, na imetoka kwa laini ya kawaida ya simu. Samansi ya kweli, yaani hati ya kukuita kortini, hata ikitumwa kwa WhatsApp au imeili, ina nambari ya kesi, ina jina la korti, ina muhuri, ina jina lako na la anayekushtaki, na inakupa siku za kujibu. Hakuna korti inakuambia saa sita. Hiyo saa sita ni ya kukufanya ukimbie bila kufikiri, hawa watu wanaishi kwa hiyo haraka yako. Na mtu akikupigia anajiita afisa wa polisi na si afisa, yeye ndiye anafanya jinai, kwa hiyo muulize jina, nambari ya kazi na kituo chake, utaona vile atakata simu.

Lakini siku moja ikija samansi ya kweli usiidharau ati kwa sababu nilikuambia usiogope. Mahakama ya Madai Madogo husikiza madai ya hadi shilingi milioni moja na kesi zake huenda haraka, na asiyejibu hukumu hutoka bila yeye. Ikija nipigie siku hiyo hiyo.

Sasa hili la kuwapigia watu wako ndilo limeniuma zaidi. Shangazi yako aliniambia walimtumia meseji wakimwambia wewe ni mwizi na yeye ni mdhamini wako, na hakuwahi kutia sahihi popote. Umesema bosi wako pia amepigiwa. Mwanangu hilo ni kosa lao kabisa, si jambo la wewe kuona aibu. Tangu Machi 2022 kuna kanuni za Benki Kuu ya Kenya za hawa wakopeshaji wa simu, na zimewakataza waziwazi kutumia vitisho, kutukana, kuanika habari za mkopaji mtandaoni, na kuchukua namba za watu kwenye simu yake ili kuwapigia au kuwatumia meseji akichelewa kulipa. Hata bila hizo kanuni, Katiba yenyewe kifungu cha 31 kinakulinda mambo yako ya faragha yasianikwe. Na kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ambayo ina ofisi yake, ya Kamishna wa Data, na hiyo ofisi imeshauma watu. Septemba 2023 iliitoza kampuni ya apu za KeCredit na Faircash faini ya shilingi 2,975,000 kwa sababu ya mambo kama haya haya, kutumia majina na namba za watu walizozipata kwingine na kuwatumia vitisho. Kwa hiyo usifikirie ni sheria za kukaa kwenye makaratasi.

Kabla ya kufanya chochote kusanya ushahidi, na usifute hiyo apu kwanza kwa sababu mkataba wako na hesabu ya mkopo viko humo ndani. Piga skrinshoti ya kila kitu, siku uliyokopa, pesa zilizoingia kwenye simu, riba, ulicholipa tayari. Meseji zao zote weka, namba zionekane na tarehe zionekane. Mwambie shangazi akutumie skrinshoti ya aliyotumiwa, na bosi pia ukiweza kumwomba, maana hizo za watu wengine ndizo zinaonyesha waliingia kwenye namba zako. Simu zao andika pembeni, saa ngapi, namba gani, alisema nini. Ukishamaliza ingia kwenye mipangilio ya simu uiondolee apu ruhusa ya kuona majina na meseji zako. Zile walizochukua hazitarudi lakini mpya hawatapata.

Halafu angalia kama hiyo kampuni ina leseni, orodha iko kwenye tovuti ya Benki Kuu, na utafute jina la kampuni yenyewe si la apu peke yake kwa sababu mara nyingi ni tofauti. Ikiwa na leseni au isiwe nayo, malalamiko yako yaende Benki Kuu, na ya namba za watu yaende kwa Kamishna wa Data. Huko unalalamika mtandaoni na huhitaji wakili, na sheria inawapa siku 90 kumaliza uchunguzi. Na yule aliyekuambia atakuja kukufanyia kitu mbaya nyumbani, huyo nenda kituo cha polisi uandikishe, uondoke na nambari ya OB, kile kitabu cha matukio cha kituo, mkononi. Usione haya kwenda ati kwa sababu unadaiwa.

Sasa tuje kwa deni lenyewe, maana pesa ulikula na lazima urudishe, hapo mimi na wewe hatubishani. Waandikie, usiongee nao kwa simu. Andika meseji au imeili moja fupi: mimi ni fulani, nambari ya mkopo ni hii, nitumieni hesabu kamili ionyeshe mkopo, riba na faini, kuanzia leo tuwasiliane kwa maandishi na msimpigie mtu mwingine yeyote. Wanasema imefika 11,000, sawa, waonyeshe imefikaje. Ukipata hesabu waambie unaweza kulipa ngapi kwa mwezi, na utaje kiasi ambacho utaweza kweli, usitaje kikubwa kwa kuogopa halafu mwezi wa pili ukwame. Ulipe kwa paybill, yaani nambari ya kampuni ya kulipia kwa simu, ile ile ulianza nayo, si kwa namba ya mtu binafsi hata akikuahidi atakupunguzia nusu, wengi hulizwa hapo, pesa inaingia mfukoni mwa mtu na deni linabaki vile lilikuwa. Ukimaliza dai barua ya kuonyesha umemaliza.

CRB, wale wanaoweka rekodi za wakopaji, wanaweza kukupeleka ndio, lakini lazima wakupe notisi kwanza, na ukiona habari zako huko si sahihi una haki ya kupinga. Ripoti yako unapata bure mara moja kwa mwaka, ichukue tu mwezi huu tuone nini kiko humo.

Na kuhusu vitu vya nyumba, ulisema walikutishia kubeba friji. Hawabebi kitu. Hukuweka friji yako rehani, kwa hiyo bila hukumu hakuna dalali ana ruhusa ya kugusa mali yako, na hata baada ya hukumu awe na leseni, awe na karatasi ya korti, aandike vitu kwanza na akupe siku saba za kulipa kabla ya kuviuza. Kitanda, matandiko, sufuria zako za kupikia na vifaa vyako vya kazi sheria inasema haviguswi. Akija mtu mlangoni bila hizo karatasi usimfungulie, ongea naye dirishani, mpige picha, uite majirani.

Kwa bosi wako nenda wewe mwenyewe kesho asubuhi, umwambie una deni, unalilipa, na hao watu hawana haki ya kumpigia. Dakika mbili tu. Shangazi niachie mimi, tayari nimeongea naye na hana neno na wewe, alikuwa tu na wasiwasi.

Zile pesa huwa unanitumia mwisho wa mwezi, mwezi huu na ujao usitume. Zipeleke kwa hilo deni. Na hiyo meseji ya kudai hesabu iandike leo, unitumie niione kabla hujaituma.

Babako