Mtoto akisema dagaa ni mrefu kuliko mkunga

Mama, nimekuelewa: mwanao wa miaka minne anasema dagaa ni mrefu kuliko mkunga kwa sababu tu dagaa amesogezwa mbele mezani. Usimgombeze. Hajajua kwamba lazima wote waanzie mahali pamoja. Nimefundisha chekechea, na hapo ndipo watoto wengi hukwama.

Kata boksi kuukuu umbo la dagaa, changu na mkunga. Chora mstari kwa chaki sakafuni, aweke mikia juu yake, kisha muulize: nani kampita mwenzake? Anza na wawili tu. Wa tatu aje siku nyingine. Ukitumia uzi badala ya boksi kwa mkunga, ukunje, kisha unyooshe. Aone kuwa kujikunja hakumfupishi.

Halafu tokeni nje. Papa potwe, yule anayeonekana kisiwani Mafia, anaweza kufika mita 12. Chora urefu huo kwa chaki chini, umlaze mwanao kando yake. Wanangu darasani walishangilia mno!

Makombe madogo ya simbi na kome asiyachezee peke yake, yanaweza kumkaba koo. Na akiwa anasogeza kila kitu karibu na uso, mpeleke akapimwe macho.