Wasomaji Wauliza: Joto la udongo na kuvu ya shina

Swali: Kila msimu wa joto nyanya zangu hunyauka ghafla. Nikifukua shinani naona utando mweupe na vipunje vya kahawia. Msimu wa baridi tatizo hupotea. Je, baridi huiua kuvu hii?

Jibu: Haiui, huilaza tu. Vipunje hivyo vya duara, vyenye ukubwa wa mbegu za haradali, ni alama ya *Sclerotium rolfsii*. Kuvu hii hukua kwa kasi kubwa kabisa udongo ukiwa na nyuzijoto 27 hadi 30. Ukishuka chini ya 8 hivi au kupanda juu ya 40, utando husimama. Vipunje, hata hivyo, vina ganda gumu na vinaweza kubaki hai udongoni kwa miaka kadhaa. Joto na unyevu vikirudi, huota tena, na utando hutoa asidi ya oksaliki inayoua tishu za shina hata kabla haujaingia ndani. Ndiyo maana mmea hunyauka ghafla namna hiyo.

Usitegemee joto la hewa linalotajwa kwenye utabiri. Chomeka kipimajoto cha udongo sentimita 5 kwenda chini, karibu na shina, usome mapema asubuhi na tena alasiri. Udongo ulio wazi juani hupata joto kuliko uliofunikwa na kivuli cha majani, hata katika shamba moja.

Sasa la kufanya. Ng'oa mmea mgonjwa pamoja na udongo unaouzunguka, maana vipunje vingi vimo humo. Ondoa majani makavu yaliyolundikana shinani. Yakioza hutoa mvuke unaoamsha vipunje. Baada ya mavuno, pindua udongo kwa kina cha sentimita 20 au zaidi. Vipunje vinahitaji hewa ili viote, na vikifukiwa chini sana haviwezi.

Ila kabla ya kubadilisha tarehe ya kupanda, hakikisha ni kuvu ipi hasa. Mnyauko wa fuzari, unaoletwa na kuvu nyingine, nao hupenda joto la karibu 28, lakini *Verticillium dahliae*, nayo kuvu ya mnyauko, hustawi kwenye 21 hadi 25. Mkulima akikimbia joto kwa kupanda wakati wa ubaridi, huenda akawa anaipelekea hiyo *Verticillium* mmea wa kushambulia.

Swali: Mimi ni mwanafunzi. Nimeotesha kuvu hiyo hiyo maabara kwa nyuzijoto 15, 20, 25, 30 na 35. Siku ya tano, sahani za 25 na 30 zilikuwa na kipenyo sawasawa. Nimekosea wapi?

Jibu: Umepima umechelewa. Kwenye joto linaloifaa, kuvu hii hujaza sahani ya sentimita 9 ndani ya siku tatu au nne. Kufikia siku ya tano zote mbili zilikuwa zimegota ukingoni, kwa hiyo ulipima sahani, si kuvu.

Rudia hivi. Kata kipande cha milimita 5 kutoka ukingoni mwa koloni changa (duara la kuvu lililoota sahanini); katikati pamezeeka na huanza kukua kwa kuchelewa. Weka sahani tano kwa kila joto, zikiwa zimeshapashwa joto hilo kabla ya kupandwa. Chora mistari miwili inayokatana kwa pembe mraba chini ya sahani, upime kila baada ya saa 24, na utoe zile milimita 5. Koloni ikigusa ukingo, vipimo vya baadaye usivitumie. Kasi ipate kwa tofauti ya vipimo vinavyofuatana.

Kwenye 35, agari, ile jeli ya sahanini inayolisha kuvu, hukauka haraka. Weka sahani ndani ya chombo chenye karatasi iliyoloa maji. Usiamini namba ya mlangoni mwa mashine ya kutunza joto: weka kipimajoto ndani ya chupa ya maji kwenye rafu ile ile. Na sahani yoyote isiyoota, ihamishie kwenye 28 kwa siku nne. Ikiota, joto lile liliizuia tu, halikuiua.

Swali: Plastiki ya kufunika udongo juani inasaidia? Nitumie nyeusi?

Jibu: Inasaidia, lakini tumia inayopitisha mwanga. Nyeusi hunyonya joto lenyewe na kuacha udongo ukipata kidogo. Njia hii ilielezwa na mtafiti Katan na wenzake nchini Israel mwaka 1976. Kama utapindua udongo kwa kina, fanya kabla. Vunja mabonge, sawazisha, mwagilia hadi ulowe vizuri, maana udongo mbichi hupitisha joto na vipunje vilivyonyonya maji hufa kwa urahisi zaidi. Tandaza plastiki iguse udongo, fukia kingo zote, uache wiki nne hadi sita katika kipindi chenye jua kali kuliko vyote. Kingoni joto huwa pungufu, basi funika eneo pana badala ya vipande vyembamba. Ukishaiondoa, panda bila kulima kwa kina. Vipunje vya chini bado vingali hai na jembe litavipandisha juu.