Nilivyoacha kuuliza "Mmeelewa?"

Miaka sita iliyopita niliwaagiza wanafunzi wangu wa Kidato cha Kwanza walete udongo. Nafundisha jiografia katika shule ya kata wilayani Lushoto, na kesho yake tulitaka kumwagia maji udongo wa aina tatu tuone upi unayapitisha haraka. Kila kundi lilete wa kichanga, wa mfinyanzi na wa tifutifu, kila mmoja kwenye kopo lake. Nilieleza, nikarudia, nikarudia tena kwa kupaza sauti. "Mmeelewa?" Darasa zima likaitikia, "Ndiyooo!"

Asubuhi, makundi mawili tu kati ya kumi ndiyo yaliyokuja na makopo matatu. Wengine walileta mchanga peke yake, wengine mfuko mmoja uliochanganyika kila kitu, wengine mikono mitupu. Niligomba sana. Baada ya kipindi kiranja wa darasa, binti mpole asiyesema ovyo, akanifuata: "Samahani mwalimu. Huwa tunajua utarudia, kwa hiyo mara ya kwanza hatusikilizi sana. Ukirudia, kila mtu anadhani mwenzake ameshika."

Nilirudi nyumbani na maneno hayo. Kule kurudia, ambako mimi nilikuita bidii, ndiko kulikowazoesha kungoja.

Tangu hapo agizo nalitoa mara moja. Nangoja kwanza kalamu zilale na minong'ono iishe, nasema taratibu, kisha namtaja mwanafunzi yeyote aeleze kwa maneno yake tutakachofanya. Akikwama, namwita mwingine amsaidie, mimi sirudii. Anayetaka kuuliza aanze hivi: "Umesema tulete udongo, lakini sijajua ni kiasi gani." Swali la namna hiyo haliwezi kuulizwa na mtu aliyekuwa anachora pembeni mwa daftari. Wiki mbili za mwanzo zilikuwa ngumu, nakiri, na mara kadhaa nusura nilegee. Usilegee.

Nikiuliza swali nahesabu kimoyomoyo mpaka tatu kabla ya kumtaja mtu. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alionyesha miaka ya 1970 kwamba walimu wengi hungoja kama sekunde moja tu, na kwamba wakifikisha tatu majibu hurefuka na watoto wengi zaidi hujitokeza. Jaribu leo uone jinsi sekunde tatu zilivyo ndefu mbele ya darasa lililonyamaza.

Kuna jambo ambalo wenzangu wengine hawakubaliani nami. Mtoto amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Akiingia sekondari, karibu kila somo ni kwa Kiingereza. Nusu ya tunachokiita kutosikiliza ni mtoto aliyepotea kwenye sentensi ya pili, akaona aibu kusema, akatikisa kichwa. Kwa hiyo nafundisha kwa Kiingereza kama inavyotakiwa, lakini anayeeleza alichosikia namruhusu aeleze kwa Kiswahili. Nataka kujua kilichoingia akilini; kukitafuta kwa Kiingereza ni kazi ya hatua inayofuata, na tunaifanya pamoja.

Zoezi lililonipa faida kuliko yote ni la Ijumaa, dakika kumi za mwisho. Wanakaa wawili wawili na kujadili jambo linalowagusa, kwa mfano kama anayetoka mbali asamehewe akichelewa. Mmoja anasema kwa dakika moja. Mwenzake haruhusiwi kujibu mpaka ataje alichosikia na msemaji akubali kwamba ndivyo alivyosema. Kanuni hii ilielezwa na mwanasaikolojia wa Marekani, Carl Rogers, mwanzoni mwa miaka ya 1950, kwa ajili ya watu wazima wanaogombana. Watoto wa miaka kumi na minne wanaiweza, ila kwanza watateleza. Nakumbuka kijana mmoja aliyesema, "Amesema wanaochelewa ni wazembe." Mwenzake akaruka: "Hapana! Nimesema wanachoka njiani." Walirudia mara tatu kabla ya kuafikiana. Yule wa kwanza alikuwa amesikia kile alichojiandaa kukipinga, na siku hiyo alijiona mwenyewe akifanya hivyo.

Mwisho wa kipindi natumia vitendawili. "Kitendawili!" "Tega!" "Nanywa upesi, sishibi." Jibu ni udongo wa kichanga, na halipatikani kwa aliyekuwa anasinzia. Nikiwashinda wananipa mji, kama kwa bibi. Siku hizi wanatunga vyao, na kutunga kunadai usikivu mkubwa kuliko kutegua.

Usimpime msikilizaji kwa macho. Huku kwetu mtoto huinamisha macho mbele ya mkubwa kwa heshima, na anayekukazia macho huenda yuko mbali kabisa. Mvua ya masika ikipiga kwenye mabati, acha kuhutubia. Wape ramani wasome, utaendelea ikipungua. Na darasa la watoto sabini, kama mengi yalivyojaa tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016, ligawe makundi, vinginevyo hutamsikia hata mmoja.

Mwaka juzi nilikuwa na mvulana wa kiti cha nyuma aliyejibu vitu visivyoulizwa. Wenzake walimcheka, nami nilishaandika "hana usikivu" kwenye ripoti yake. Siku moja nilimwona anageuza kichwa upande mmoja kila nikisema. Sikio la kushoto lilikuwa likitoa usaha tangu utotoni, na nyumbani walilizoea. Tulizungumza na mama yake akampeleka hospitali, nami nikamhamishia mbele, sikio zima likinielekea. Ripoti niliiandika upya.

Sasa kila Januari, wiki ya kwanza, nasimama nyuma ya darasa na kuita majina kwa sauti ya kawaida. Naandika nani amegeuka na nani hakugeuka.