Ukiwa na Sonona, Mtoto Bado Anahitaji Kusemeshwa

Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito inayodumu, haikunizuia kumpenda mwanangu. Ilinizuia kumsemesha. Alinyonya, alioga, uzito wake kwenye kadi ya kliniki ulipanda kila mwezi, na muuguzi aliridhika. Lakini nilimbadilisha nepi bila neno, nikamlisha uji macho yangu yakiwa ukutani. Aliyeuliza ni mama mkwe, alipokuja kututembelea Morogoro: "Mbona mjukuu wangu hana kelele?"

Tuko wengi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu 13% ya wanawake waliojifungua hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona, na katika nchi zinazoendelea kiwango hicho hukaribia 20%. Kina baba nao huugua, ingawa ni nani huwauliza?

Miaka ya 1970, mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Tronick, aliwaomba kina mama wacheze na watoto wao wachanga, kisha wakaze uso kwa dakika chache, wasicheke wala kuitikia. Watoto walitabasamu, wakatoa sauti, wakanyoosha mikono kumrudisha mama. Wasipoitikiwa, waligeuza uso pembeni. Kwangu, hapo ndipo penye kiini cha jambo. Mtoto hujifunza kusema kwa kujibizana: anatoa sauti, anaitikiwa, anatoa nyingine. Sonona humnyima mzazi nguvu ya kuitikia, na hata akisema, sauti yake hubaki palepale, haipandi wala kushuka kwa namna inayomvuta mtoto mchanga kusikiliza.

Kwa hiyo tiba ya mama ni sehemu ya malezi ya mtoto. Kliniki usingoje kuulizwa. Sema mwenyewe kwamba hulali, unalia, huoni raha ya kitu chochote. Sonona inatibika kwa ushauri nasaha na kwa dawa, na zipo ambazo daktari anaweza kumpa anayenyonyesha. Nchini Zimbabwe, tangu 2006, daktari Dixon Chibanda amewafunza mabibi wa mtaani kuketi kwenye benchi na kuwasikiliza wenye sonona, na imeonekana kuwasaidia. Ukiwa na mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, nenda hospitali leo hii, na mtu akusindikize.

Wakati unapona, azima sauti za wengine. Kwetu bibi aliimba, dada mtu wa darasa la pili alitega vitendawili na kuvitegua mwenyewe, baba alimweleza mtoto kila nyanya aliyoikata ya kachumbari. Mimi siku mbaya nilitaja tu kile mikono yangu ilichokuwa ikifanya: "Navua soksi hii. Sasa hii nyingine." Halafu nilinyamaza kidogo, nikimtazama, apate nafasi yake. Haihitaji uchangamfu, na inawezekana hata umechoka kabisa. Kama Kiluguru au Kichaga ndicho kinachokutoka kwa urahisi, tumia hicho. Televisheni haihesabiki, kwa sababu haimsubiri mtoto ajibu.

Mtoto wa mwaka mmoja asiyebwabwaja wala kugeuka akiitwa jina, au wa miaka miwili asiyeunganisha maneno mawili kama "mama maji", mpeleke akapimwe masikio kwanza. Watakuambia wavulana huchelewa. Mpeleke tu, na ukiwa hapo mweleze muuguzi hali yako pia.