Jibu: Cheti cha kuzaliwa cha Italia, je, kinahitaji apostili Ujerumani?

Dada, usilipie apostili, yaani ule uthibitisho rasmi unaowekwa kwenye hati ili ikubalike nchi nyingine. Umesema mwanao amezaliwa Italia, mmehamia Ujerumani, na karani amekudai apostili pamoja na tafsiri iliyothibitishwa. Tangu tarehe 16 Februari 2019 inatumika Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2016/1191, na kwa hati kama hiyo inayotoka nchi mwanachama, apostili haidaiwi tena. Mtajie karani namba hiyo kwa upole; wengine kweli hawaijui.

Kuhusu tafsiri, rudi kwenye manispaa iliyotoa cheti uombe fomu sanifu ya lugha nyingi, inayosaidia usilazimike kutafsiri cheti. Inaambatanishwa na cheti, na vipengele vyake vinakuwa kwa Kiitaliano na Kijerumani. Haisimami peke yake, kwa hiyo usije ukaacha cheti nyumbani. Ada yake hairuhusiwi kuzidi gharama ya kuitengeneza. Karani akiwa na shaka ya msingi kwamba cheti ni cha kughushi, anao mtandao wa kuwauliza wenzake wa Italia moja kwa moja. Mzigo huo si wako.

Ila angalia hapa, maana wengi wetu ndipo tunapokwama: cheti cha ndoa yenu cha Tanzania hakimo kabisa kwenye kanuni hii, hata nakala yake ikigongwa muhuri Italia. Hicho kina utaratibu wake, uliza mapema ubalozi wa Ujerumani Dar es Salaam. Vyeti vya shule navyo havimo.